Majina ya dawa yanayofanana (6): Losec na Lasix

Haya, tuendelee. Mwaka 1989 omeprazole ilipitishwa Marekani kwa jina la Losec, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Shida ni kwamba wodini tayari kulikuwa na Lasix, ile ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Chukua mwandiko wa daktari mwenye haraka, uone kama utazitofautisha! Taarifa za wagonjwa kupewa dawa siyo zikaanza kuja. Mwaka 1990 jina likabadilishwa, ikawa Prilosec. Kumbe nayo ikachanganywa na Prozac, ya sonona. Mnaona kazi hiyo?

Mwaka 2001 FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ikahimiza herufi kubwa katikati ya jina: hydrALAZINE ya presha, hydrOXYzine ya aleji. Naipenda sana, ila kwenye cheti cha kuandikwa kwa mkono haisaidii kitu.