Tarehe ya Ghuba ya Twofold na Wenyewe

Uwindaji wa nyangumi katika Ghuba ya Twofold, ulipo mji wa Eden kusini mwa New South Wales, Australia, asili yake ni Wathaua, wa taifa la Yuin. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi huianza tarehe hii mwaka 1828, Thomas Raine alipoweka kituo chake pwani. Raine alikuja. Wakaja ndugu watatu wa ukoo wa Imlay. Akaja Benjamin Boyd katika miaka ya 1840, akajenga mji na mnara wa mawe, akafilisika.

Wathaua walikuwapo. Wazee wao wamesimulia kwamba mtu wao akifa hurudi baharini kwa umbo la nyangumi muuaji, yule mweusi mwenye mabaka meupe, na kwa hiyo hao wa ghubani ni jamaa, hawachomwi chusa. Makundi ya nyangumi wakubwa yakipita majira ya baridi, jamaa hao waliyakata njia na kuyasukuma ufuoni. Oswald Brierly, mchoraji aliyesimamia mashua za Boyd, aliyaandika mambo hayo katika shajara yake. Basi aliyekuja na chusa la chuma alikuta kazi ina wenyewe na kanuni zake.

Waliozikubali kanuni hizo ni akina Davidson: Alexander, mwanawe John, na mjukuu George. Kituo chao kilikuwa Kiah, penye mlango wa mto, tangu miaka ya 1860 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Wathaua walivuta makasia katika mashua zao, na husemwa walilipwa sawa na Wazungu. George alikataa bunduki na injini, asije akawafukuza wasaidizi wake wa baharini.

Aliyetajika kuliko nyangumi wauaji wote ni Old Tom. Wenzake wakimzingira nyangumi, yeye alikwenda mtoni Kiah usiku, akapiga maji kwa mkia mpaka watu wakaamka. Mashua zikatoka, chusa likarushwa. Nyangumi akishakufa, mzoga ulitiwa nanga ukaachwa humo majini: midomo na ulimi ni haki ya nyangumi wauaji, mafuta na mengineyo ni ya watu. Hiyo ndiyo Sheria ya Ulimi.

Hapa nisimame kidogo, kwa maana ugomvi wa meno ya Old Tom haujaisha. Wazee wa Eden husimulia kwamba miaka ya 1920 tajiri mmoja wa mifugo, Logan, alitoka na George kwa mashua yake mwenyewe ya injini. Waliua nyangumi, tufani ikawa inakuja, Logan akaogopa kuupoteza mzoga kama wa kabla yake, akauvuta mara moja kuelekea nchi kavu bila kuwapa nyangumi wauaji fungu lao. Old Tom akaing'ang'ania kamba kwa meno, akavutana nao hadi meno yakang'oka. Baada ya hapo akashindwa kula vizuri. Mimi nawasadiki wazee: taya lipo makumbushoni, meno yamelika upande mmoja, na yeyote aweza kwenda kulitazama. Kuna na ugomvi wa umri. Wazee humhesabia Tom miaka themanini au zaidi, nao watafiti waliopasua jino lake na kuhesabu tabaka zake walipata kama 35. Naona jina lilirithiwa, kama ukoo wowote wenye heshima unavyorithisha jina la babu.

Tarehe 17 Septemba 1930 Old Tom alikutwa amekufa ghubani. Kiunzi chake cha mifupa, karibu mita 7, kikahifadhiwa, na mwaka 1931 Makumbusho ya Nyangumi Wauaji ya Eden yakaanza kwa ajili yake. Anayeingia leo humkuta humo, na ndivyo inavyostahili.

Mwaka 2023 wanasayansi walisoma vinasaba vyake, wakavilinganisha na vya nyangumi wauaji wa leo. Hawakupata ndugu yake wa karibu, nao wakaona kwamba huenda ukoo wake umekwisha. Kazi hiyo ilifanywa pamoja na mzee wa Kithaua, na jina lake limeandikwa pamoja na ya wataalamu.