Mafunzo ya uchomeleaji mkoani Kilimanjaro

Mafunzo ya uchomeleaji mkoani Kilimanjaro ni elimu ya ufundi wa kuunganisha vyuma kwa joto inayotolewa katika vyuo na karakana za mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Vyuoni fani hii huitwa kwa kawaida uchomeleaji na uundaji wa vyuma, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza pia kupima, kukata, kukunja na kuunda vifaa kamili kama mageti, madirisha, matangi na matela.

Kuna njia mbili za kuingia katika ufundi huu. Ya kwanza ni kuwa "saidia fundi", yaani kijana anajifunza kwa kumtazama na kumsaidia fundi mzoefu. Ya pili ni kusoma chuoni hadi kupata cheti. Njia zote mbili huweza kutoa fundi mwenye mkono mzuri. Chuo huongeza usomaji wa michoro, sababu za kila hatua ya kazi, kanuni za usalama na cheti kinachotambuliwa na waajiri.

Historia

Kabla ya ukoloni Wachagga walikuwa na wahunzi wao, na eneo la Mamba, karibu na Marangu, lilijulikana hasa kwa kazi hiyo. Chuma kilitoka Ugweno katika Milima ya Upare, ambako ukoo wa Washana ulikuwa na sifa ya kuyeyusha chuma. Wahunzi walitumia moto wa makaa, mivukuto ya ngozi, nyundo na fuawe kutengeneza mikuki, majembe na visu. Vipande viwili vya chuma vikipashwa moto hadi karibu ya kuyeyuka, kisha vikagongwa pamoja, hushikana. Hiyo ndiyo namna ya kale zaidi ya uchomeleaji duniani. Ujuzi huo ulirithiwa ndani ya koo. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann aliandika kuhusu wahunzi wa Wachagga mwaka 1912. Hadi leo kuna wahunzi wanaofua chuma Mamba, na watalii huwatembelea.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Katika miaka ya 1930 shamba la miwa na kiwanda cha sukari cha TPC vilianzishwa Arusha Chini, kusini mwa mji. Reli, viwanda na magari vilihitaji mafundi wa aina mpya, wanaoweza kutengeneza mabomba, matangi na mitambo.

Baada ya uhuru, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974 iliweka mafunzo hayo chini ya usimamizi wa serikali. Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), inayoendesha vyuo nchini kote, kikiwemo cha Moshi.

Masomo

Mafunzo ya ufundi stadi hufuata mfumo wa umahiri: mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya, si kwa mtihani wa maandishi peke yake. Vyeti vya taifa vina ngazi tatu, ya I hadi ya III. Sehemu kubwa ya muda hutumika karakanani, na sehemu nyingine hutumika kwa hesabu, uchoraji wa kiufundi na sayansi ya fani.

Njia inayofundishwa kwanza mara nyingi ni uchomeleaji wa tao la umeme. Mashine hupunguza volti na kuongeza mkondo wa umeme. Mkondo huo huruka kati ya chuma na elektrodi, ambayo mafundi wengi huiita kijiti, na kutoa joto la maelfu ya nyuzi Selsiasi. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye takriban nyuzi 1,500. Ganda la unga lililozunguka kijiti huungua na kutoa gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka dhidi ya hewa, kisha huacha tabaka la taka ambalo fundi huligonga na kuliondoa.

Mwanafunzi hujifunza kusoma namba za kijiti. Kwa mfano, katika E6013, namba 60 inaonyesha nguvu ya kuvutwa ya chuma kilichojazwa, yaani pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Namba 1 inaonyesha kwamba kijiti kinafaa katika mikao yote. Na tarakimu mbili za mwisho kwa pamoja hutambulisha aina ya ganda na umeme unaofaa. Kijiti cha unene wa milimita 2.5 huhitaji takriban ampea 60 hadi 90, na cha milimita 3.2 takriban 90 hadi 130. Mkondo ukiwa mdogo mno, kijiti hunata na chuma hakiyeyuki ipasavyo. Ukizidi, bati jembamba hutoboka. Katika vijiji vilivyo mbali na transfoma, umeme hafifu huweza kuleta tatizo la kwanza hata kama mashine imewekwa sawa.

Mikao ya kazi ni minne: bapa, mlalo, wima na juu ya kichwa. Mkao wa mwisho ni mgumu zaidi kwa sababu chuma kilichoyeyuka huvutwa chini. Njia nyingine ni uchomeleaji wa gesi ya oksijeni na asetilini, ambao mwali wake hufikia takriban nyuzi 3,100 na hutumika pia kukata chuma.

Mwanafunzi hufundishwa pia kutambua kasoro: vitundu vya hewa, taka iliyonaswa ndani, ukingo uliolika, na kiungo ambacho hakikupenya. Kasoro ya mwisho ni ya hatari kwa sababu kiungo huweza kuonekana kizuri kwa nje na kuvunjika kikibeba mzigo, kwa mfano kwenye tela la trekta au mnara wa tangi la maji.

Usalama

Mwanga wa tao una miali ya urujuanimno inayounguza macho na ngozi. Anayeutazama bila kioo cheusi huhisi saa kadhaa baadaye kama amejaa mchanga machoni. Miwani ya jua haitoshi, wala kufumba jicho kabla ya kugusisha kijiti hakutoshi. Kuchomelea bomba au bati lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka moshi wa uchomeleaji na miali yake katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Tangi au pipa lililowahi kuwa na mafuta huweza kulipuka likichomelewa kabla ya kusafishwa kabisa, hata likionekana tupu. Wakati wa masika, ardhi na nguo zenye maji huongeza hatari ya kupigwa na umeme. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya hatari za namna hii.

Vyeti na ajira

Mafundi waliojifunza mitaani huweza kupimwa na VETA na kupewa cheti bila kuanza masomo upya. Utaratibu huo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa yale anayokosa, kisha hutahiniwa. Hatua hiyo ina uzito kwa sababu kampuni kubwa na miradi ya serikali huweza kudai cheti, na fundi asiye nacho hubaki kwenye kazi ndogo hata akiwa hodari.

Wanaotaka kuendelea huweza kuomba nafasi katika vyuo vya juu zaidi, kama vile Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Moshi. Katika mkoa wenyewe ufundi wa chuma hutumika katika viwanda, karakana za magari, ujenzi wa nyumba, mitambo ya kahawa na milango ya mifereji ya umwagiliaji.