Masilahi ya Wafanyakazi na Ari ya Kazi

Uhusiano kati ya masilahi ya mfanyakazi na ari yake ni mada kongwe katika saikolojia ya kazi na utawala wa watumishi. Masilahi ni zaidi ya mshahara: yamo pia mapumziko, usalama, heshima na nafasi ya kusikilizwa. Ari nayo ina sura nyingi. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen walimtofautisha anayebaki kazini kwa kuipenda taasisi yake, anayebaki kwa kujiona ana wajibu nayo, na anayebaki kwa kuhofia hasara ya kuondoka. Waajiri wengi huwachanganya hao watatu. Fedha humzuia mtu asiondoke. Moyo wake hufuata namna anavyotendewa anapopewa fedha hiyo.

Ushahidi maarufu unatoka kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan. Mwaka 1913 kiliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kupata wafanyakazi wapatao 14,000 tu, kwani kukaza nati ileile kutwa kucha kuliwashinda wengi. Januari 1914 Henry Ford alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya malipo ya awali, na zamu ikashuka kutoka saa 9 hadi 8. Utoro na kuacha kazi vikapungua sana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa mgawo wa faida wenye masharti: wakaguzi walibisha hodi majumbani kuchunguza usafi, akiba na ulevi. Kampuni ilipata watu wa kudumu kwa kuwapekua vyumba vyao, na huo si msingi wa mapenzi. Mwaka 1941 wafanyakazi wa kiwanda chake cha River Rouge waligoma, na mwaka huohuo chama chao kikatambuliwa. Miaka 27 ni mingi, na sababu zilikuwa nyingi, lakini walichodai kwanza kilikuwa sauti.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba binadamu hatosheki, hivyo kumwongezea ni kumzoesha. Frederick Herzberg, katika utafiti wake wa mwaka 1959 kuhusu wahandisi na wahasibu, aliwapa nusu ya hoja: malipo duni huleta manung'uniko, ila malipo mazuri peke yake hayazai ari. Nusu ya pili huwa hawaitaji. Aliyenyimwa stahiki zake hawezi kuchochewa kwa cheti cha mfanyakazi bora. Wengine hutaja wauguzi na walimu wanaojitolea huku wakidai malimbikizo; hao wanasukumwa na wajibu kwa mgonjwa na mwanafunzi, na mwajiri asijihesabie sifa hiyo.

Bandari ya Mombasa inaonyesha ugumu wa kumpangia mtu mahitaji yake. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, serikali ya kikoloni iliona tiba ni kupunguza vibarua wa kutwa. Kusajiliwa kuwa mfanyakazi wa bandari kulileta uhakika wa kazi, lakini pia idadi ya siku ambazo lazima mtu afike, wakati vibarua wengi walithamini uhuru wa kuchagua siku zao. Mwaka 1955 makuli wa bandari hiyo waligoma tena.