Programu Dhibiti: Inavyojengwa, Kupakiwa na Kujaribiwa katika Bodi ya Raspberry Pi Pico

Programu dhibiti ni maagizo yanayohifadhiwa ndani ya kifaa cha kielektroniki na kukiongoza tangu kinapowashwa. Mita za kisasa za umeme na mashine za kufulia huendeshwa nayo. Wengi wanaojifunza kuitengeneza huanza na Raspberry Pi Pico, bodi iliyotolewa nchini Uingereza Januari 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani. Chipu yake, RP2040, ina kumbukumbu ya muda ya kilobaiti 264. Kando yake ipo kumbukumbu ya kudumu ya megabaiti 2, isiyofutika umeme unapokatika.

Programu hujengwa katika kompyuta ya kawaida. Msimbo huandikwa, mara nyingi kwa lugha ya C, kisha kompaila huugeuza kuwa lugha ya mashine inayoeleweka na chipu. Aina ya bodi haina budi kutajwa kabla ya ujenzi. Katika Pico ya kwanza, taa ndogo ya bodi imeunganishwa na pini namba 25 ya chipu. Katika Pico W, yenye Wi-Fi, taa hiyo huwashwa kupitia chipu ya mawasiliano. Programu ya taa iliyojengewa bodi ya kwanza hupakiwa katika ya pili bila kipingamizi, lakini taa haiwaki.

Wakati wa kupakia, kitufe cha BOOTSEL hushikiliwa huku kebo ya USB ikichomekwa. Kompyuta huiona bodi kama flashi yenye jina RPI-RP2, na faili la UF2 hunakiliwa humo. Kazi ikikamilika, flashi hutoweka na bodi hujiwasha upya; wasiozoea hudhani imeharibika, kumbe ndiyo dalili kwamba faili limepokelewa. Flashi isipoonekana kabisa, kebo ichunguzwe kwanza, kwani baadhi ya kebo za kuchajia simu hazina nyaya za data. Programu inayopokea faili imewekwa kiwandani katika sehemu ya chipu isiyoandikika upya, hivyo msimbo mbovu hauwezi kuizuia bodi kupokea mwingine.

Kinga hiyo humfaa aliye karibu na bodi. Kifaa kilichofungwa juu ya tangi la maji kijijini hakina mtu wa kubonyeza kitufe, na kunakiliwa kwa faili hakuthibitishi kwamba programu inafanya kazi. Kwa hiyo programu hufanywa itume ujumbe kwa kompyuta kupitia USB, na kina inachokisoma hulinganishwa na kilichopimwa kwa rula. Kihisi hung'olewa makusudi, umeme hukatwa na kurudishwa, na kifaa huachwa kikifanya kazi kwa siku kadhaa, maana kumbukumbu inayojaa kidogo kidogo haionekani katika jaribio la dakika kumi.

RP2040 ina pia saa ya ulinzi, inayoiwasha chipu upya programu ikikwama kwa muda uliowekwa, usiozidi takriban sekunde 8. Nayo hujaribiwa kwa kuikwamisha programu kwa makusudi.

Hitilafu ya umeme ni jambo jingine, kwa kuwa haiondolewi kwa kupakia faili jipya. Pini za Pico hutumia volti 3.3. Kihisi kinachotoa ishara ya volti 5 huweza kuziunguza, hivyo huwekewa kipunguza volti kabla ya kuunganishwa.