Foreman Aliumia Kweli? Kinshasa, Septemba 1974

Mwisho wa pambano la Kinshasa kila mtu anaujua. Muhammad Ali alimwangusha George Foreman raundi ya 8, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, na uwanja mzima ulikuwa unaimba "Ali boma ye". Hata vijana wa bodaboda hapa Juba, ambao wazazi wao wenyewe walikuwa bado watoto mwaka ule, watakusimulia kama vile walikaa mstari wa mbele.

Ila pambano lile halikupangwa Oktoba. Lilipangwa tarehe 25 Septemba. Lilisogezwa wiki tano kwa sababu Foreman aliumia mazoezini, na siku zile watu wengi walijiuliza kama jamaa ameumia kweli ama anatafuta njia ya kutoroka. Leo naomba tukae hapo hapo, tusikimbilie raundi ya 8.

Kwanza pesa. Promota Don King alikuwa ameahidi kila bondia dola milioni 5. Yeye mwenyewe hakuwa nazo. Serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya ile ahadi, kwa sababu rais alitaka dunia nzima ilitaje jina la Zaire. Na alikuwa na haraka: miezi michache tu kabla, kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani, timu ya Zaire ilikuwa imepigwa 9-0 na Yugoslavia. Uwanja wa 20 Mai ulitengenezwa upya. Wanamuziki waliitwa pia, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, na wa nyumbani kama Franco na Tabu Ley. Kila kitu kilikuwa tayari.

Halafu, siku nane hivi kabla ya pambano, Foreman akiwa mazoezini huko N'Sele, kando ya mto Kongo, kiwiko cha bondia aliyekuwa anapigana naye, Bill McMurray, kilimpasua juu ya jicho la kulia. Damu ikatoka. Na bondia akiwa na mpasuko juu ya jicho hawezi kupanda ulingoni, maana ngumi moja tu itaufungua tena, damu imzibe jicho, na mwamuzi atasimamisha pambano. Tarehe ikabidi isogezwe. Muziki haukungoja, tamasha likapigwa tarehe 22 mpaka 24 Septemba kama lilivyopangwa, bila ngumi.

Sasa shaka ilitoka wapi? Ilitoka kwa sababu Foreman hakuficha kwamba hapapendi pale. Alitaka kwenda Ulaya kutibiwa. Alikuja na mbwa mkubwa wa Kijerumani, na watu wa Kinshasa walimkumbuka mbwa wa namna ile vizuri sana, maana polisi wa Wabelgiji walitembea nao wakati wa ukoloni. Ali, yeye, alikuwa anakimbia barabarani na watoto nyuma yake. Kwa hiyo Foreman aliposema anataka kuondoka akatibiwe jicho, wengi walisikia tu lile neno "kuondoka". Waandishi wa habari wakaanza kusema akishapanda ndege harudi. Ali mwenyewe alipiga kelele, akataka Joe Frazier aletwe achukue nafasi, na akawaomba wakubwa wasimruhusu mtu kutoka nchini. Foreman hakutoka. Alitibiwa pale pale, akangoja.

Mimi naona hivi. Jeraha lilikuwa la kweli. Lilionekana kwa macho, lilipigwa picha. Tena fikiria nani alikuwa na sababu ya kuogopa. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 kati ya 40, na 37 kati ya hayo kwa nokauti. Frazier alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Ken Norton naye hakumaliza raundi mbili. Frazier na Norton wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali! Ali alikuwa na miaka 32 na watu wake wa karibu walikuwa wanaogopa atauawa ulingoni. Mtu mwenye nafasi kama ya Foreman hajipasui uso ili akwepe.

Lakini pia alitaka kuondoka, na hiyo nayo ni kweli. Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa. Tunafikiri mtu akiwa na hamu ya kuondoka basi ugonjwa wake ni wa uongo. Kwa nini visiwe vyote viwili? Mimi ninajitolea kutafsiri kwenye foleni ya kliniki, na hili nimeliona mara nyingi. Mama anaumwa mgongo, na ni kweli anaumwa. Pia anatamani ile barua ya daktari imsaidie faili lake la kwenda nchi ya tatu. Akishasema hilo la pili, wanaomsikiliza hawaamini tena la kwanza, na sisemi wageni peke yao. Sisi wenyewe kwenye foleni ndio wa kwanza kunong'ona, "huyo anaigiza". Ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika, nanyi mnajua ninachosema.

Na Foreman alikuwa na bahati kwamba jeraha lake lilikuwa la nje. La ndani ni shida zaidi. Rudi nyuma miaka kumi, tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach. Bingwa Sonny Liston alibaki kwenye kiti chake, raundi ya 7 hakuinuka, akasema bega la kushoto limekufa. Malipo yake yalizuiwa kwanza. Madaktari wakampima wakakuta kweli msuli wa mkono umechanika. Haikusaidia. Mpaka leo wapo wanaosema aliuza pambano. Aliyekuwa mbele yake siku ile ni huyo huyo Ali, wakati huo bado akiitwa Cassius Clay.

Na sikia hii. Mwezi wa 11 mwaka huo huo walitakiwa kurudiana huko Boston. Siku tatu kabla, Ali akapelekwa hospitali kwa ngiri, akapasuliwa. Pambano likahama mpaka Mei 1965. Liston alimcheka, akasema ni yale makelele yake ndiyo yamemletea. Kwa hiyo Ali alijua vizuri maana ya kuumia siku chache kabla ya pambano na kuchekwa. Kinshasa hakumkumbukia Foreman hilo hata kidogo. Nampenda Ali, lakini hapo hakumtendea haki mwenzake.

Kwa karibu zaidi mnamkumbuka Hassan Mwakinyo wa Tanga. Tarehe 3 Septemba 2022, Liverpool, pambano na Liam Smith liliisha raundi ya 4. Alieleza kwamba aliumia mguu, na kwamba viatu alivyovaa vilimbana. Mitandaoni Watanzania walimcheka kwa wiki nzima, wengine ambao 2018 walimbeba mabegani baada ya kumpiga Sam Eggington kule Birmingham. Sina kipimo cha kifundo cha mguu wake. Wale waliocheka nao hawakuwa nacho.

Turudi Kinshasa tumalizie. Zile wiki tano zilimuumiza nani? Kwa maoni yangu zilimuumiza Foreman. Alikaa siku nyingi bila kupigana mazoezi ili jicho lisifunguke, akajifungia hotelini, huku Ali akizidi kujulikana na watu. Usiku wa pambano jicho halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mikono. Ali alijilaza kwenye kamba, akaziba uso, akamwacha apige mpaka achoke, kisha raundi ya 8 akamaliza. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ikanyesha, uwanja ukajaa maji.

Miaka ya mbele Foreman aliandika kwenye kitabu chake kwamba maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa. Watu wakasema visingizio. Baadaye yeye na Ali wakawa marafiki kabisa, na Foreman akawa mchungaji, akarudi ulingoni akachukua mkanda tena mwaka 1994 akiwa na miaka 45.

Humu tuna wengi wenye wazee wa Kongo. Kama babu au mjomba wako alikuwa Kinshasa Septemba ile, muulize mtaani walisemaje waliposikia jicho limepasuka, halafu tuandikie hapa chini. Hata kwa Lingala, tutatafsiri.