James Still: Mshairi na Mwanariwaya wa Milima ya Kentucky

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, mawakala wa matajiri walipita katika mabonde finyu ya mashariki ya Kentucky, nchini Marekani, wakinunua kitu ambacho wenyeji hawakukijua thamani yake: makaa ya mawe yaliyolala chini ya mashamba yao. Mkulima alitia sahihi, au alama tu, juu ya hati. Akabaki na udongo wa juu, ilhali mnunuzi alipata madini pamoja na haki ya kupita, kukata miti na kuchimba. Reli ilipofika mji wa Hazard mwaka 1912, biashara ya makaa ilishamiri. Wana wa wakulima wakawa vibarua, wakilala katika nyumba za kampuni na kununua unga katika duka la kampuni. Wanasheria na wanauchumi wameiandika historia hiyo kwa namna yao. Aliyeiandika kwa jicho la mtoto aliyekaa karibu na jiko la mama yake ni James Still.

Still hakuzaliwa katika milima hiyo. Alizaliwa Alabama mwaka 1906, akasoma Tennessee na Illinois, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akafika Hindman, katika wilaya ya Knott, kwenye shule iliyoasisiwa mwaka 1902 kwa ajili ya watoto wa milimani. Huko alikuwa mkutubi, na mwanzoni alifanya kazi bila mshahara. Alijaza vitabu katika sanduku, akalibeba begani na kutembea kwa miguu hadi shule zenye chumba kimoja zilizotawanyika mabondeni. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Still alilishika jembe hilo kwa hiari yake: mwaka 1939 alihamia nyumba kongwe ya magogo kando ya kijito cha Wolfpen, akalima bustani, akafuga nyuki, na akawa akiandika daftarini semi za majirani zake.

Riwaya yake, *River of Earth*, ilitoka mwaka 1940. Msimulizi wake ni mtoto wa kiume asiyetajwa jina. Baba yake, Brack Baldridge, ni mtu wa migodi. Kila mgodi unapofunguliwa yuko tayari kuhama. Mama yake, Alpha, hataki ila kipande cha ardhi, bustani na mahali pa kutulia. Jamaa wa baba wanapoingia nyumbani na kula akiba ya wana, na baba akashindwa kuwafukuza, mama anawatoa watoto na vyombo nje, kisha anaichoma moto nyumba. Familia inahamia katika kibanda cha kukaushia nyama, ambacho ni kidogo mno kuwapokea wageni.

Tendo hilo ndilo moyo wa riwaya. Msomaji wa haraka ataliita wazimu. Lakini mama huyo amepiga hesabu sahihi kuliko mumewe. Ukarimu, ambao ni sheria ya watu wa milimani, ulifaa palipokuwa na shamba la kuulisha. Ujira wa mgodi, unaokatika bila taarifa, hauwezi kuubeba. Still hamlaumu baba wala hamtukuzi mama. Anaonyesha jinsi uchumi mgeni unavyoigeuza desturi njema kuwa mzigo. Jina la kitabu linatokana na mahubiri ya mhubiri mmoja riwayani, anayeiona milima kama mawimbi ya udongo na kuuliza mto huo unawapeleka watu wapi.

Swali hilo limo pia katika tungo zake. Diwani yake ya kwanza, *Hounds on the Mountain*, ilitangulia riwaya, mwaka 1937. Mashairi yake ni mafupi na yana maneno machache. Yanataja vijito, farasi na machimbo kwa majina yake, na huzuni huachwa ijitokeze yenyewe.

Vita Kuu ya Pili vilimchukua hadi Afrika na Mashariki ya Kati akiwa mwanajeshi. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: alirudi Knott, akaendelea na hadithi fupi na mashairi. Riwaya yake ilichapishwa upya mwaka 1978 na kupata kizazi kipya cha wasomaji, na katika miaka ya 1990 alikuwa mshairi rasmi wa Kentucky. Wapiga kura wa jimbo hilo, kwa upande wao, walibadili katiba mwaka 1988 ili kuzuia hati zile za kale zisitumiwe kuchimbua ardhi ya watu bila ridhaa yao.

Still alifariki mwaka 2001, akazikwa katika viwanja vya shule ya Hindman. Julai 2022, kijito cha Troublesome, ambacho jina lake limo katika mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1941, kilifurika usiku, na maji yakaingia shuleni humo na kuharibu nyaraka za kumbukumbu. Zaidi ya watu 40 walifariki mashariki ya Kentucky. Mlima ulionyang'anywa msitu na udongo wake haushiki mvua kama zamani. Hivyo swali la mhubiri wa riwayani lingali linawangoja wenye kulijibu, na bustani aliyoitaka Alpha Baldridge haijawa jambo la kale.