Msumari na Umri Wake

Msumari uliookotwa ardhini huonekana kitu duni: umeliwa na kutu, hauna maandishi, wala hauna bei sokoni. Hata hivyo msumari huo ni shahidi wa historia, ilimradi anayeuhoji ajue namna ya kuuliza.

Swali la kwanza ni namna ulivyofanywa. Msumari uliofuliwa na mhunzi juu ya fuawe una pande nne, nao hukonda pande zote kuelekea nchani. Kichwani huwa na alama za nyundo. Msumari uliokatwa kwa mashine kutoka bamba la chuma, ufundi ulioanza mwishoni mwa karne ya 18, hukonda pande mbili tu. Ule wa mviringo, uliotengenezwa kwa waya, ulienea duniani mwishoni mwa karne ya 19. Basi msumari wa waya ukikutwa ndani ya ukuta tangu ulipojengwa, ukuta huo hauwezi kuwa wa karne ya 15.

Lakini msumari wa pande nne usituhadae. Katika pwani yetu mitepe ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari; bali waunda majahazi waliendelea kutumia misumari ya kufuliwa kwa mkono hata katika karne ya 20. Kwa hiyo msumari huo waweza kuwa wa enzi za mababu, au wa juzi tu. Wala tusidhani kuwa kila chuma kililetwa na wageni: huko Kagera wazee wetu waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita.

Mwamuzi ni nani basi? Ni udongo. Kigae, ushanga au sarafu iliyolala pamoja na msumari katika tabaka moja ndiyo hutuongoza kwenye umri wake. Kwa sababu hiyo husikitika nionapo wanafunzi wakirejea kutoka magofuni na misumari mifukoni. Nia yao ni njema, ila wamemng'oa shahidi mahali pake, wamemfanya bubu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka sharti la kibali kwa mwenye kuchimbua. Mwalimu na awafunze vijana kuuacha msumari ulipo, kuuchora, kuandika mahali ulipoonekana, na kuwaarifu wahusika. Mvunja nchi ni mwananchi; na mlinzi wake ni huyo huyo.